Chama cha siasa au kundi la shinikizo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tofauti kuu ni ipi?

Chama cha siasa kinataka kushika dola. Kinasimamisha wagombea kwa jina lake, kinaomba kura, na kikishinda kinaunda serikali au kinaingia katika serikali ya mseto. Makundi mengine, yanayoitwa ya shinikizo, hayaombi kura. Yanachotaka ni kwamba aliyeshika dola, awe nani, afanye jambo fulani au aache jambo fulani.

Tofauti nyingine zote zinachipuka hapo, na kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya uwajibikaji. Chama kikiharibu, mpiga kura ana siku yake ya kukiadhibu. Kundi la shinikizo likiisukuma serikali ipitishe sheria mbaya, jina la kundi hilo halitaonekana kwenye karatasi yoyote ya kura. Raia asiyejua nani aliomba kutawala na nani aliomba kusikilizwa hawezi kujua lawama aipeleke wapi.

Makundi hayo mengine ni yapi hasa?

Yapo makundi ya masilahi, yanayotetea wanachama wake: wafanyakazi, waajiri, wakulima, madaktari, mawakili, wenye viwanda. Yapo makundi ya kutetea hoja, ambayo anayefaidika si lazima awe mwanachama. Amnesty International, lililoanza mwaka 1961, limewapigania wafungwa ambao hawakuwahi hata kusikia jina lake. Yapo mavuguvugu, ambayo mara nyingi hayana daftari la wanachama wala mwenyekiti. Halafu kuna kampuni zinazoajiri washawishi wa kulipwa, taasisi za utafiti wa sera, taasisi za dini na vyombo vya habari.

Mipaka kati ya aina hizi haijanyooka. Chama cha wakulima kinaweza kutetea bei ya mazao asubuhi na usafi wa mito jioni. Kinachoyaunganisha yote ni kwamba hakuna hata moja linaloomba kuongoza nchi.

Kwa nini chama hulazimika kuwa na msimamo juu ya kila jambo, wakati kundi linashika hoja moja?

Kwa sababu bajeti ya nchi ni moja. Chama cha madaktari kina haki ya kudai mishahara iongezwe bila kusema fedha zitoke wapi. Waajiri wana haki ya kudai kodi ipunguzwe bila kueleza ni shule ipi isijengwe. Chama kinachotaka kutawala hakina uhuru huo. Kinapaswa kukaa na madai yanayogongana, kupunguza hapa, kuahirisha pale, na kutoa ilani moja ambayo mwalimu, mfanyabiashara na mstaafu wote wanaweza kuipigia kura bila yeyote kati yao kupata yote aliyoyataka.

Kazi hiyo haina sifa. Ndiyo inayofanya wanasiasa waonekane vigeugeu, na ndiyo inayofanya wanaharakati waonekane wasafi zaidi. Lakini ni kazi halali na ngumu, na hakuna kundi la shinikizo linaloifanya. Ninapomsikia mtu akisema kwamba vyama vyote havina maana na asasi pekee ndizo zenye moyo, huwa namuuliza: nani basi ataamua pale asasi mbili zenye moyo zinapotaka shilingi ileile?

Je, chama na kundi vimewahi kupigania jambo lilelile, ili tuone nani alifika?

Ndiyo, na mfano wa Marekani unastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 1869 watu waliotaka pombe ipigwe marufuku walianzisha chama kilichoitwa Prohibition Party. Kikasimamisha mgombea wa urais uchaguzi baada ya uchaguzi. Mwaka wake bora ulikuwa 1892, na hata hapo mgombea wake, John Bidwell, aliambulia asilimia 2 na kidogo ya kura.

Mwaka 1893, katika jimbo la Ohio, likazaliwa kundi la Anti-Saloon League. Lengo lilikuwa lilelile, mbinu ikawa nyingine kabisa. Halikusimamisha mgombea. Lilimfuata kila mgombea, wa Republican au wa Democrat, na kutaka kujua jambo moja tu: muswada wa pombe ukifika, utapiga kura upande gani? Aliyejibu vizuri alipata kura za waumini waliohamasishwa makanisani. Aliyekataa alipigiwa kampeni mpaka aanguke. Ikiwa mgombea mwenyewe alikuwa mnywaji, hilo halikulihusu kundi. Lililolihusu ni kura yake bungeni. Januari 1919 Marekebisho ya 18 ya Katiba yaliidhinishwa, na mwaka uliofuata utengenezaji na uuzaji wa pombe ukawa marufuku nchi nzima.

Kundi lilifika mahali ambapo chama hakikukaribia. Sababu imo katika mfumo wa uchaguzi: kila jimbo likiwa na mshindi mmoja, kura za chama kidogo hupotea bure, lakini kundi lenye kura chache zinazoweza kuamua ushindi huogopwa na pande zote mbili.

Sasa tazama gharama. Marufuku ilizaa magendo na magenge, na mzigo wa kuisimamia ukaiangukia serikali. Mwaka 1932 chama cha Democrat kiliingia kwenye uchaguzi kikiahidi kuifuta, kikashinda, na mwaka 1933 Marekebisho ya 21 yakaizika. Waliohukumiwa na wapiga kura ni wanasiasa. Anti-Saloon League haikuwa na kiti cha kupoteza.

Kundi lisilo na mbunge hata mmoja linaishawishi serikali kwa njia gani?

Inategemea limesimama ndani ya mlango au nje. Makundi ya ndani ni yale ambayo wizara huyaita kabla muswada haujaandikwa, kwa kuwa serikali haiwezi kufanya kazi bila ujuzi wao au bila ushirikiano wao. Uingereza ilipokuwa ikiandaa huduma ya afya ya taifa, madaktari kupitia chama chao cha kitaaluma walipinga kwa nguvu, na mapema mwaka 1948 wengi wao walipiga kura kuikataa. Waziri Aneurin Bevan alilazimika kuwapa mambo mawili: madaktari bingwa waliruhusiwa kuendelea kuona wagonjwa binafsi, na sheria ikawekwa kuwahakikishia kwamba hawatageuzwa kuwa waajiriwa wa mshahara tupu. Huduma ilianza Julai 5, 1948. Wapiga kura walikuwa wamekichagua chama cha Labour. Hakuna aliyewachagua madaktari, lakini alama zao zimo katika huduma ile.

Makundi ya nje hayaitwi. Hayo hutumia barabara, magazeti, mitandao, migomo na sahihi za wananchi. Nchini Uswisi, sahihi 100,000 zikikusanywa ndani ya miezi 18 zinatosha kulipeleka pendekezo la kubadili katiba kwenye kura ya wananchi wote. Mwaka 1989 kundi lililotaka nchi isiwe na jeshi lilifika hapo. Lilishindwa, lakini zaidi ya theluthi moja ya waliopiga kura waliliunga mkono, jambo ambalo hakuna chama kikubwa kingethubutu kuliweka kwenye ilani.

Njia ya mahakama husahaulika, nayo ina nguvu. NAACP, lililoanzishwa mwaka 1909 kutetea haki za Wamarekani weusi, lilipambana kwa miaka mingi na sheria za ubaguzi katika kesi moja baada ya nyingine. Mwaka 1954, wakili Thurgood Marshall akiwa mbele, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kutenganisha wanafunzi katika shule za umma kwa rangi kunakiuka katiba. Wabunge wa majimbo ya kusini wasingepitisha hilo wakati ule hata kwa kubembelezwa.

Chama kidogo kisichoweza kushinda uchaguzi kina tofauti gani na kundi la shinikizo?

Kisheria ni chama. Kikazi, vingine ni makundi ya shinikizo yenye karatasi ya kura mkononi. UKIP ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1993 kutaka nchi itoke Umoja wa Ulaya. Katika uchaguzi wa 2015 ilipata takribani kura milioni 3.9 na kiti kimoja tu bungeni. Lakini wabunge wa Conservative, chama cha waziri mkuu David Cameron, walikuwa wamekwisha kuona kura zao zikimegwa, na Januari 2013 Cameron aliahidi kura ya maoni. Juni 2016 waliotaka kutoka wakashinda kwa asilimia 51.9.

Kwa hiyo kutoshika dola si sawa na kushindwa. Chama cha aina hii kinalenga kukitisha chama kikubwa kilicho karibu nacho. Tofauti yake na kundi ni kwamba chenyewe kinaweza kuchukua kura, siyo tu kushauri zipelekwe wapi.

Vyama vya wafanyakazi viko upande gani?

Kwa asili ni makundi ya masilahi. Hata hivyo vimezaa vyama vya siasa mara nyingi kuliko kundi jingine lolote ninalolifahamu, na sababu huwa ileile: kubisha hodi kukishindwa, wanatafuta ufunguo.

Nchini Uingereza vyama vya wafanyakazi na jumuiya za kisoshalisti viliunda kamati ya kutafuta wabunge wao mwaka 1900. Mwanzoni vyama vingi vilisita. Mwaka 1901 hukumu ya kesi ya Taff Vale ikatamka kwamba chama cha wafanyakazi kinaweza kudaiwa fidia kwa hasara iliyosababishwa na mgomo. Ghafla silaha yao kuu ikawa hatari kwa mfuko wao wenyewe, na waliosita wakaingia. Katika uchaguzi wa 1906 walipata wabunge 29, kamati ikajiita chama cha Labour, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria iliyoondoa mzigo wa hukumu ile.

Zambia inaonyesha upande mchungu. Frederick Chiluba alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi kabla ya kuongoza vuguvugu la kudai vyama vingi, MMD, lililogeuka chama na kumshinda rais Kenneth Kaunda Oktoba 1991. Akiwa rais, serikali yake ilibinafsisha mashirika ya umma, na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Aliyekuwa akidai kwa niaba ya wafanyakazi sasa alikuwa na hazina tupu na wakopeshaji mlangoni. Sisemi alikuwa sahihi. Nasema kiti cha madai na kiti cha utawala havimwonyeshi mtu mambo yaleyale.

Vyama vingine vya wafanyakazi vimekataa kuvuka mstari, na hilo nalo limeokoa nchi. Tunisia, mwaka 2013, vyama vya siasa vilikuwa vimekwama na mauaji ya wanasiasa yameitia nchi hofu. Shirikisho la wafanyakazi UGTT, pamoja na waajiri, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, liliviketisha vyama mezani. Serikali ikaachia ngazi, katiba mpya ikapatikana Januari 2014, na wapatanishi hao wanne wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2015. Wangekuwa wanagombea viti, nani angewaamini?

Vuguvugu likigeuka chama hupata nini, na hupoteza nini?

Hupata saini. Waziri husaini, mwanaharakati huandika barua. Hupoteza uhuru wa kusema lisilotekelezeka.

Chama cha Kijani cha Ujerumani kilianzishwa Januari 1980 na watu waliotoka kwenye harakati za kupinga nyuklia, za mazingira na za amani. Kiliingia bungeni 1983 na serikalini 1998. Mwaka uliofuata kiongozi wake Joschka Fischer, sasa waziri wa mambo ya nje, aliunga mkono mashambulizi ya NATO katika vita vya Kosovo, na kwenye mkutano wa chama chake mwenyewe akarushiwa mfuko wa rangi uliomjeruhi sikio. Baadaye serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya kuachana na nyuklia, na baada ya vuta nikuvute nyingi vinu vya mwisho vilizimwa Aprili 2023. Mwanachama wa zamani wa vuguvugu lile alikuwa na sababu ya kulia na sababu ya kushangilia, zote kutoka kwa watu walewale.

India ilishuhudia vuguvugu likipasuka juu ya swali hili hasa. Mwaka 2011 Anna Hazare aliongoza maandamano makubwa dhidi ya rushwa. Arvind Kejriwal, mwenzake katika maandamano hayo, akaona bila kuingia bungeni hawatafika popote, akaanzisha chama cha Aam Aadmi mwaka 2012. Hazare alikataa kumfuata, akiamini chama kingelichafua vuguvugu. Mwaka 2015 chama hicho kilinyakua viti 67 kati ya 70 vya bunge la Delhi. Kikawa kinaulizwa habari za maji, umeme, shule na hewa chafu, siyo rushwa peke yake. Februari 2025 wapiga kura wakakitoa madarakani. Vuguvugu lisingeweza kufutwa kazi namna hiyo, na kwangu mimi huo ndio ubora wa chama.

Na vuguvugu linalokataa kuwa na viongozi?

Lina kasi ya moto na shida ya kuzungumza. Vizibao vya Njano vya Ufaransa vilianza Novemba 17, 2018 kwa hasira ya kupanda kwa kodi ya mafuta. Kabla ya wiki tatu kuisha serikali ilikuwa imeifuta nyongeza ile. Vyama vya upinzani havikuwa vimefanikisha hilo. Lakini serikali ilipotaka kuzungumza, hakukuwa na mtu wa kutumwa ambaye wenzake wangekubali maneno yake. Mei 2019 baadhi yao waligombea ubunge wa Ulaya, na orodha zao hazikufikisha hata asilimia 1.

Je, ushawishi si rushwa iliyopewa jina zuri?

Hapana, ingawa vinakaa jirani. Kumpelekea mbunge takwimu, kumweleza muswada utamwumiza nani, kumkumbusha kwamba wapiga kura wake wanatazama: yote hayo ni haki ya raia. Kumpa kitu ili apige kura unavyotaka ni kosa. Jack Abramoff, mshawishi mashuhuri wa Washington, alikiri mwaka 2006 makosa yaliyojumuisha njama ya kuwahonga viongozi wa umma, akafungwa.

Eneo la kati ndilo linalonisumbua: ofisa anayeacha kazi wizarani Ijumaa na kuajiriwa Jumatatu na kampuni aliyokuwa akiisimamia. Nchi kadhaa zimeweka daftari la washawishi; Kanada ilianza mwaka 1989, Ujerumani ikafuata kwa bunge lake mwaka 2022. Daftari halizuii ushawishi, ila linamwezesha mwananchi kuona nani aliingia ofisi ipi kwa ajili ya nani. Nchi isiyo na daftari hilo inawaachia wenye fedha faida ambayo hakuna aliyeipigia kura.

Sheria huvitofautisha vipi?

Kwa kawaida chama hubanwa zaidi, na ni haki kibanwe. Katiba ya Ujerumani inataka vyama viendeshwe kidemokrasia ndani na vitangaze fedha zao zinatoka wapi. Sheria ya vyama ya huko inaongeza jambo linalogusa kiini cha mada yetu: chama kisichoshiriki uchaguzi wa taifa au wa majimbo kwa miaka sita hupoteza hadhi ya kuwa chama. Asiyeomba kura si chama, hata akijiita hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 91, inakataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Kundi la shinikizo halina katazo la namna hiyo. Jumuiya ya dini moja au ya wanawake peke yao ni halali kabisa, maana haiombi kutawala wasio wanachama wake.

Kwa upande mwingine, asasi zinazopata msamaha wa kodi kama mashirika ya hisani hukatazwa kumpigia kampeni mgombea. Marekani iliweka katazo hilo mwaka 1954.

Vyombo vya habari na jeshi navyo ni makundi ya shinikizo?

Vyombo vya habari huamua watu wazungumze nini, na baadhi ya wamiliki wana ajenda zao, kwa hiyo ndiyo, kwa kiasi. Jeshi likianza kuishinikiza serikali, tumetoka kwenye mada hii. Mwenye bunduki hashawishi.

Nchi inaweza kwenda bila vyama?

Nunavut, eneo lenye serikali yake kaskazini mwa Kanada, haina vyama katika bunge lake. Wabunge huchaguliwa mmoja mmoja, kisha wao wenyewe humchagua kiongozi wa serikali na mawaziri. Inawezekana kwa watu wachache wanaofahamiana. Uganda nayo, kuanzia 1986, ilizuia vyama kusimamisha wagombea na kutaka kila mtu agombee kwa sifa zake binafsi. Kura ya maoni ya 2005 ikarudisha vyama vingi. Katika nchi kubwa vyama vikiondolewa, makundi hayaondoki. Yanabaki yakiwa na nguvu zaidi, maana mbunge aliye peke yake bila chama ni rahisi kumzunguka.

Nataka kubadili jambo moja. Nijiunge na nini?

Jiulize kama jambo lako linagombana na madai mengine. Ukitaka sheria moja ya usalama wa watembea kwa miguu, ambayo hakuna anayeipinga waziwazi ila hakuna anayeihangaikia, kundi dogo lenye takwimu na subira linatosha. Ukitaka kugawa upya kodi za nchi, utahitaji wingi wa viti, na viti vinapatikana kwa chama.

Wangari Maathai alipita njia zote mbili. Alianzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, na mwaka 1989 kelele zake zilisaidia kukwamisha mnara wa ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, bila kura hata moja bungeni. Aligombea mwaka 1997 akashindwa, akaingia bungeni 2002 na kuwa naibu waziri wa mazingira. Tuzo ya Nobel ya 2004 ilimkuta serikalini, ingawa ilitokana zaidi na miaka aliyokuwa nje yake.

Naweza kuwa katika chama na katika kundi kwa wakati mmoja?

Kama mwanachama wa kawaida, katika nchi nyingi ndiyo, na ni afya. Kwa kiongozi ni vigumu zaidi. Mwenyekiti wa asasi ya mazingira ambaye pia ni mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala atafika siku ambayo chama chake kimeidhinisha mgodi ndani ya msitu ambao asasi yake inaulinda. Wanachama wa asasi wana haki ya kujua, kabla ya siku hiyo, atasimama upande gani. Katiba nzuri za asasi huandika kifungu kinachomtaka kiongozi aachie cheo kimoja anapochukua kingine. Kabla hujalipa ada, omba kukisoma kifungu hicho.